Foili imekwisha na paa bado: kusaka kosa kwenye hesabu ya kizuia joto

Kaskazi ikishika Januari na Februari, nyumba ya bati isiyo na kitu chini yake haikaliki tangu saa 5 asubuhi mpaka magharibi. Hapo ndipo watu wa Fuoni, Chukwani, Wete na kwengine Unguja na Pemba wanapokimbilia dukani kutafuta foili, ile karatasi ya kung'ara ya kuzuia joto, au pamba ya kioo. Malalamiko wanayorudi nayo ni yale yale: imepungua, imezidi, au imetosha na joto liko pale pale. Mengi yanatokana na jambo moja. Mtu amenunua kwa eneo, na roli inatandikwa kwa safu. Eneo linafaa kuulizia bei tu. Idadi ya kununua unaipata ukichora safu moja moja kwenye karatasi na kuzihesabu.

Mfano tutakaokwenda nao ni nyumba ya bloku, nje m 10 kwa m 8, paa la pande mbili, yaani kipaa cha mbele na cha nyuma, na visusi vya bloku, yaani kuta za pembetatu za ncha mbili za nyumba, vilivyopanda mpaka kwenye bati. Foili ni ile yenye mapovu ya hewa katikati, roli ya upana wa m 1.2 na urefu wa m 40, yaani m² 48. Roli zinatofautiana, kwa hiyo soma lebo ya ile unayonunua na ubadilishe tarakimu.

Dalili: roli zimekwisha, paa limebaki kipande

Angalia kwanza kama ulipima sakafu badala ya paa. Sakafu ya nyumba yetu ni m² 80, lakini paa limeinama, kwa hiyo ni kubwa zaidi. Kujua kwa kiasi gani, chukua pimamaji au ubao ulionyooka wa m 1. Ncha moja iguse kenchi, ule ubao ulioinama unaobeba paa, kwa chini, ubao uulaze sawasawa kuelekea ndani ya nyumba, kisha kwenye ncha ya pili pima kwenda juu mpaka ukutane na kenchi. Ukipata sm 30, zidisha kwa 1.044. Sm 40 ni 1.077, sm 47 ni 1.105, sm 58 ni 1.156, sm 70 ni 1.221. Ikifika m 1 kamili, hilo ni paa la nyuzi 45, zidisha kwa 1.414.

Tuseme letu ni sm 47. Nusu ya upana wa nyumba, m 4, inakuwa m 4.42 ukiifuata kenchi kutoka ukutani mpaka mwambani, kileleni mwa paa.

Kosa la pili ni kusahau kwamba safu zinalaliana. Ya juu ilalie ya chini kwa sm 10. Roli ya m 1.2 kwa hiyo inafunika m 1.1 tu, na zile m² 48 za kwenye lebo zimeshuka kuwa 44 kabla hujakata hata kipande. Kwa kipaa kimoja, safu ya kwanza inafunika m 1.2 na kila inayofuata m 1.1. Safu 4 ni m 4.5: zinatosha m 4.42 na zinabaki sm 8 za kukunjia mwambani. Paa zima ni safu 8.

La tatu ni dogo, nalo ndilo linalowaumiza wengi: urefu wa safu umepimwa nje ya nyumba. Ukichukua m 10 ya nje, roli moja inatoa safu 4 bila ya kubaki hata sentimita. Lakini foili inayotandikwa juu ya kenchi haiwambwi kama ngozi ya ngoma. Inaachwa ilegee sm 5 hivi kati ya kenchi moja na nyengine. Kenchi zikiwa zimepishana m 1, kulegea huko kunakula kama sm 0.7 kwa kila mita, yaani sm 7 kwa safu nzima. Ni kidogo, na wale wanaokuambia uongeze asilimia 10 kwa ajili ya kulegea wanakuuzia bidhaa. Ila hapa hizo sm 7 huna, na safu ya nne ya kila roli inafika kisusini ikiwa fupi. Fundi mwenye tahadhari akiongeza sm 15 kila ncha, safu inakuwa m 10.3, na roli inatoa safu tatu na kipande cha m 9.1 kisichofika.

Sasa pima ndani. Bloku za inchi 6 zinakula sm 15 kila upande, safu inabaki m 9.7. Tia sm 7 za kulegea, m 9.77. Safu nne ni m 39.08. Roli 2 zimetosha, kila moja na kipande cha sm 90 hivi cha kuzibia pembe. Kwa eneo, paa hili ni m² 88 na roli 2 ni m² 96. Hesabu ya eneo ingekuambia una ziada ya m² 8 katika hali zote tatu, hata zile mbili ulizopungukiwa.

Kwa hiyo urefu pima ndani, kisusi kwa kisusi. Upana pima nje, kwa sababu ncha ya chini ya foili lazima ivuke ukuta ikatoe maji uchagoni, ule ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta. Kama visusi vyako vimeishia chini na paa linapita juu yake, basi pima nje kwa nje kwa pande zote.

Umeshapungukiwa na duka liko mbali? Usiivute foili ili ifike, na usiache mianya midogo midogo kila safu. Kusanya upungufu wote mahali pamoja, juu ya stoo au choo, mbali na chumba cha kulala. Mwanya ni ghali kuliko unavyodhani. Chukua dari la m² 80 lililowekwa pamba ya kioo ya sm 10. Ukiacha m² 4 wazi, asilimia 5 tu, joto linaloteremka linaongezeka kwa zaidi ya theluthi, maana pale palipo wazi linapita mara nane kuliko palipofunikwa.

Dalili: imebaki roli nzima, au mbili, au tatu

Futi. Fundi amepima futi 33 kwa futi 26, akapata futi za mraba 858, kisha akagawa kwa 3.28 kama anavyogawa urefu. Amepata 261 na kuziita mita za mraba. Eneo linagawiwa kwa 10.76: 858 ni karibu m² 80. Ikiwa umeletewa mara tatu ya mahitaji, usitafute sababu nyengine.

Ziada ndogo kuliko hiyo hutokana na kuhesabu uchago wa paa na baraza. Uchago wa sm 60 kuizunguka nyumba yetu unaongeza m² 23 kwa ramani peke yake, na chini yake hakuna mtu anayelala. Baraza ni shauri lako: ikiwa wazee hukaa hapo mchana kutwa, ifunike. Ikiwa ni mahali pa viatu na baiskeli, iache.

Dalili: hakuna kilichobaki kizima, ni vipande tu

Hili ni la mapaa ya pande nne, yenye visusi vilivyoinama. Eneo lake ni lile lile la ramani mara kizidisho cha mwinuko, lakini kila safu inakuwa fupi kuliko ya chini yake na ncha zake zinakatwa mshazari. Fundi akikata kila safu mraba kisha akapunguza pembe juu ya paa, zile pembetatu zote zinakwenda jaani.

Dawa ni kukatia chini, kwenye uwanja uliofagiwa. Chora safu zote na urefu wa ukingo wa chini na wa juu wa kila moja. Kata ncha ya kwanza mshazari. Kipande kinachofuata kwenye roli kizungushe nusu duara, ukingo wake mrefu uwe kule ulikokuwa mfupi wa mwenzake. Mkato mmoja wa mshazari unakuwa umehudumia vipande viwili. Kizungushe kikiwa kimelala vile vile, usikipindue, kwani foili nyengine zina upande mmoja wa kung'ara na wa pili mweupe. Ukifanya hivyo ongeza asilimia 5 kwenye jumla ya urefu wa safu. Ukimwachia fundi akatie juu, weka 15 na usimlaumu mtu.

Dalili: pamba ya kioo imekwisha upesi kuliko foili

Pamba, ile ya manjano inayowasha, hulazwa juu ya dari la gipsamu, kwa hiyo mwinuko wa paa hauna kazi. Ndani ya nyumba yetu ni m 9.7 kwa m 7.7, karibu m² 75. Toa unene wa kuta za vyumba, tuseme m² 3, zinabaki 72. Roli ya m 1.2 kwa m 15 ni m² 18. Hesabu inatoka roli 4 kamili, na kamili ndiyo yenye kuponza, kwa sababu ya mbao za dari.

Pima mwanya ulio wazi kati ya ubao na ubao. Pamba ikatwe ikiwa pana kuliko mwanya kwa sm 2, ili ijikaze yenyewe. Mbao zikiwa kila sm 60 na unene wa sm 5, mwanya ni 55, unakata 57, na upana wa roli unatoa vipande viwili na takataka ya sm 6. Hasara asilimia 5. Zikiwa kila sm 70, mwanya ni 65, unakata 67, na roli inatoa kipande kimoja. Sm 53 zinabaki hazina pa kwenda. Hasara asilimia 44, na roli 4 zimekuwa 8. Hapo acha kuingiza pamba kati ya mbao. Ilaze juu yake, ikikatiza, safu kwa safu bila ya kukata upana, nawe utahitaji zile 4 na moja ya akiba.

Usiibonyeze ili itoshe chini ya kenchi. Nguvu yake imo kwenye unene: sm 10 iliyobanwa kuwa sm 5 inazuia joto karibu nusu tu ya ilivyoandikiwa. Na usikimbilie sm 15 au 20 zinazouzwa kwa nchi za baridi. Sm 5 za mwanzo ndizo zinazofanya kazi kubwa. Kila ukiongeza, faida inapungua. Fedha hiyo ifunikie vyumba vyote kwanza.

Dalili: imetosha, haikupungua wala kuzidi, na chumba bado kinawaka

Panda darini asubuhi mapema, kabla ya joto, uangalie mambo haya kwa utaratibu huu.

Je, foili imegusa bati? Foili inarudisha mionzi ya joto, na inaweza kufanya hivyo mbele ya hewa tu. Ikilala juu ya papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, ikabanwa na bati lenyewe, imegeuka kuwa karatasi nyembamba inayopitisha moto kama sufuria. Upande unaong'ara unataka nafasi isiyopungua sm 2.5. Kwa paa jipya, foili inalazwa juu ya kenchi, kisha papi za 2 kwa 2 zinapigiliwa juu yake, kisha bati. Nafasi ya sm 5 inapatikana yenyewe. Kwa nyumba iliyokwisha ezekwa, pigilia chini ya kenchi kutokea ndani.

Je, upande unaong'ara umeangalia wapi? Ikiwa ni mmoja, uelekeze chini. Ukiangalia juu unakusanya vumbi, na foili yenye vumbi haina tofauti kubwa na turubai. Nyumba za kando ya barabara za vumbi ndizo zinazoonja hili mapema.

Je, hewa ya darini inatoka? Tundu za uchagoni na kwenye visusi ziwe wazi, na wavu wa kuzuia popo. Mara nyingi zimezibwa na foili yenyewe.

Ukikuta yote sawa, angalia kuta. Visiwa vyetu viko nyuzi 5 mpaka 6 kusini ya ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo mzigo mkubwa uko juu ya paa. Lakini ukuta wa bloku unaoangalia magharibi unakunywa jua tangu alasiri na kulirejesha chumbani usiku. Chumba kinachochemka saa 3 usiku na si saa 7 mchana hakidai foili zaidi. Kinadai kivuli cha uchago mrefu au mti.

Nyumba ya makuti haihitaji lolote kati ya haya. Makuti yana matatizo yake, moto na kubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini joto halimo.

Dalili: maji yanadondoka alfajiri na mvua haikunyesha

Bati linapoa usiku kupita hewa iliyolizunguka, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu; umande unajikusanya chini ya bati na kuteremka. Foili iliyowekwa sawa inaupokea na kuupeleka uchagoni. Ikidondoka ndani, kagua namna safu zinavyolaliana. Ukingo wa chini wa safu ya juu uwe juu ya ukingo wa juu wa safu ya chini, kama makuti yanavyolaliana. Kwa hiyo anayetandika juu ya kenchi anaanzia chini ya kipaa kwenda mwambani, na anayepigilia kutokea ndani anaanzia mwambani kushuka. Wengi wa kundi la pili hukosea hapa, kwa sababu kuanza chini ni kwepesi kwa ngazi.

Kisha hesabu mkanda wa gundi wa foili, ambao watu hununua mmoja kwa bahati nasibu. Paa letu lina maungio 3 kila kipaa na moja la mwambani: 7 mara m 9.7 ni karibu m 68, bila ya viraka. Mkanda wa m 45 mnunue miwili.

Chumba chenye kiyoyozi kina jambo jengine. Kwetu mvuke unatoka nje ukienda ndani palipo baridi, kwa hiyo karatasi ya kuzuia mvuke iliyogandishwa kwenye pamba iwe upande wa juu, wenye joto. Michoro mingi ya Ulaya inaiweka upande wa chumbani. Ukiifuata, pamba italowa na dari litapata madoa meusi.

Paa la zege na nyumba za Mji Mkongwe

Juu ya zege hutumika mabamba meupe ya povu, mengi m 1.2 kwa m 2.4, yaani m² 2.88 kila moja. Chora chumba, yapange, hesabu. Bamba lililokatwa kwa msumeno wa meno madogo halipotezi kitu na kipande chake kinaanzia safu inayofuata.

Vyumba vya zamani vya Mji Mkongwe ni vyembamba, m 2.5 mpaka 3, kwa kuwa ndio urefu wa boriti za mikoko, na pembe zake si mraba. Pima upana sehemu tatu na uchukue mkubwa. Usifunike chokaa kwa kitu kisichopumua, kwa sababu kuta za mawe na chokaa zinahitaji kutoa unyevu, wala usiguse paa kabla ya kupata ruhusa ya mamlaka ya hifadhi ya mji.

Kabla ya kupanda na kabla ya kulipa

Foili inapitisha umeme. Zima swichi kuu, isiwe ya chumba kimoja tu, na usipigilie pini za chuma bila ya kujua nyaya zimepita wapi. Huko Australia, mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto majumbani ulisimamisha foili za darini mwaka 2010 baada ya mafundi kufa kwa umeme. Mmoja katika waliokufa kwenye mpango huo aliuliwa na joto la dari lenyewe, kwa hiyo kazi ya darini iishe kabla ya saa 3 asubuhi. Taa zilizozamishwa kwenye gipsamu ziachie sm 10 za wazi kila upande. Ukiwa na taa 12 hizo ni pamba kidogo, usizitoe kwenye hesabu. Kwa pamba vaa barakoa na mikono mirefu, na uoge kwa maji baridi.

Kuhusu akiba, mtu wa mjini Unguja aliyepata roli 2 anunue 2, akipungukiwa atarudi dukani. Aliyeko Konde au Micheweni kule Pemba, ambaye upungufu wa mita tatu unamaanisha kungoja boti na gari, asiondoke na mabaki yasiyofika safu moja kamili. Kwa nyumba yetu hiyo ni m 10 zaidi. Uliza kama wanakata kwa mita. Kama hawakati, chukueni roli ya tatu pamoja na jirani anayejenga. Fungua kila roli hapo hapo dukani, pima upana wake, na uangalie kingo: foili iliyokaa karibu na chumvi au saruji mbichi huwa na madoa meupe ya unga, na ukiinyanyua mbele ya jua utaona vitundu.